Nikimbie ngapi ili nilipe zege?

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Nina miaka 31, kilo 72, naishi Tabata. Nakimbia mara nne kwa wiki, jumla kama kilomita 36, najiandaa na nusu marathoni ya Moshi. Jumatatu mpaka Ijumaa mchana najibana kweli: asubuhi chai ya rangi bila sukari na nusu chapati, mchana kipande cha tikiti, usiku ugali kidogo na mchicha. Ila Ijumaa na Jumamosi usiku nashindwa. Zege (chipsi mayai), mishkaki, soda mbili, na kuna siku narudi kuongeza. Jumapili nikimaliza mbio ndefu najiongezea kilomita tano za adhabu. Uzito umegoma, na nikifika kilomita ya 13 au 14 miguu inakuwa kama imefungwa mawe. Niache zege moja kwa moja? Na kama siachi, nikimbie ngapi ili niilipe?"

Marahaba, mdogo wangu.

Zege usiache. Anza kula mchana.

Hilo ndilo jibu, na ukiwa na haraka unaweza kuishia hapo. Lakini najua huniamini, maana umeniandikia mistari mingi kuhusu chipsi na mstari mmoja tu kuhusu tikiti, na mimi nimeng'ang'ania tikiti. Basi tukae tupige hesabu.

Kwanza hilo deni. Mtu akikimbia, mwili wake hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Ukienda mbio au ukienda taratibu, tofauti si kubwa; kinachohesabika ni kilo na umbali. Kilo 72 mara kilomita 5 ni kalori 360. Sasa zege: viazi vya kukaanga vya robo kilo, mayai mawili, na mafuta ya kikaangoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na hakuna mkaangaji anayeweka kijiko kimoja. Kwa makadirio yangu sahani hiyo inacheza kwenye 1,000, kabla ya mishkaki na soda. Ili "uilipe" ungehitaji kilomita 14 hivi. Wiki yako nzima ya mazoezi, kilomita zote 36, ni kama kalori 2,600, yaani 370 kwa siku. Hizo za siku hazifiki hata nusu ya zege moja.

Kwa hiyo adhabu yako ya Jumapili hailipi kitu. Inachofanya ni kukuongezea kilomita tano kwenye miguu iliyokwisha kuchoka, na hapo ndipo watu wanapopata maumivu ya goti na ya ugoko ambayo baadaye huja kuniuliza yametoka wapi. Iache kuanzia wiki hii.

Sasa tuje kwenye tikiti. Mkimbiaji wa kiwango chako, siku ya mazoezi ya kama saa moja, anahitaji wanga karibu gramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Kwako wewe ni gramu 360. Unachokula: nusu chapati, tuseme gramu 20. Tikiti lina maji mengi kuliko kitu kingine chochote, tulipe gramu 20 kwa heshima. Ugali "kidogo" wa unga kama gramu 100 unakupa 75. Jumla haifiki 120. Unaendesha gari la safari ya Moshi kwa mafuta ya kufika Kibaha.

Na unafanya hivyo siku nne mfululizo, huku unakimbia. Ikifika Ijumaa saa tatu usiku, karai linanukia pale kona, wewe unasema "nashindwa" kana kwamba umekosa msimamo. Msimamo unao, tena kupita kiasi. Mwili umekuja kuchukua chake, na umekuja na riba. Hata uzito kugoma kumeelezeka: unavyopunguza Jumatatu mpaka Alhamisi, unarudisha Ijumaa na Jumamosi. Vinakutana katikati, mizani inabaki pale pale.

Nikupe na jambo litakaloudhi wale marafiki zako wa saladi. Hiyo miguu inayokufa kilomita ya 14 ni ghala tupu. Misuli na ini vya mtu aliyekula vizuri vinaweza kuhifadhi wanga kama gramu 500, ule unaoitwa glaikojeni, na mbio ndefu huchota humo. Wewe unaingia Jumapili ghala likiwa halijajazwa wiki nzima. Chakula pekee chenye wanga wa maana ulichokula ni viazi vya Ijumaa na Jumamosi usiku. Kwa maneno mengine, zege unayoilaumu ndiyo pengine inayokufikisha hiyo kilomita ya 13.

Inakufikisha vibaya, nakubali. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Ukila saa nne usiku ukalala, saa kumi na moja alfajiri unafunga kamba za viatu huku bado unacheua mayai. Lakini hapo tatizo ni saa na kiasi, na hayo yanarekebishika bila kuapa.

Kwa wiki tatu nataka ufanye kitu kimoja tu, wala usiguse kingine. Mchana, nenda kwa mama lishe ukale sahani ya wali maharage. Sahani nzima, ile anayompakulia fundi ujenzi. Wali wenye mchele wa gramu 150 kabla ya kupikwa una wanga kama gramu 115. Maharage yanaongeza wanga mwingine na protini. Omba mboga ya majani, na hilo tikiti lako lipate nafasi yake halali, mwisho wa sahani. Siku nyingine ndizi za kupika na samaki. Siku nyingine ugali na dagaa, ugali wa mtu mzima. Asubuhi chapati iwe nzima, na yai. Ukitaka kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kabla ya kwenda kazini, weka, hakuna atakayekufunga.

Najua umefundishwa kwamba ugali na wali ndivyo vinavyonenepesha. Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani aliyekuwa wa pili wakiandikiwa muda ule ule wa 2:09:48, watu wananiuliza anakula nini kana kwamba kuna unga wa siri. Cha Simbu sikijui, sijawahi kukaa mezani kwake. Ninachojua ni cha majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikaa kambini na wakimbiaji bora wa Kenya, wakapima kila walichokula. Karibu robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari, nyingi ikiwa ya kwenye chai ya maziwa, ilifuata kwa karibu. Peke yake ilikuwa kama moja ya tano. Nyama kidogo, mafuta kidogo, mboga za majani, maharage.

Usikimbilie kwenye bakuli la sukari lakini. Wale wanakimbia asubuhi na jioni, kwa wiki wanapita kilomita 100. Wewe una 36 na kazi ya kukaa kwenye kiti. Chukua ugali wao, sukari waachie.

Haya, karai sasa. Mimi napenda chipsi, na nimesimama kwenye vibanda vya kutosha kujua mafuta yanaingilia wapi. Viazi vinakaangwa mara ya kwanza mapema, vinatolewa vikiwa vyeupe, vinalundikwa kwenye kabati la kioo vikisubiri. Wewe ukiagiza, vinarudi karaini mara ya pili. Vikitoka, mara nyingi havichujwi, vinaingia kwenye kikaango kingine chenye mafuta mapya, mayai yanamiminwa juu, na mkaangaji akiona pembeni pamekauka anazungushia tena kimkondo kingine. Ukihesabu, viazi vimekutana na mafuta mara tatu. Halafu unasema mayai ndiyo mabaya. Mayai mawili yana kalori kama 150 na gramu 12 za protini. Ndiyo kitu bora kuliko vyote kwenye hiyo sahani.

Kwa hiyo agiza kwa akili. Mwambie achuje chipsi kwanza, azining'inize kwenye kile kijiko cha matundu wakati anapasua mayai. Apunguze chipsi, aongeze yai la tatu. Asizungushie mafuta. Kachumbari iwe nyingi. Viazi vilivyokatwa vinene hunywa mafuta kidogo kuliko vyembamba, na mkaangaji mwenye mafuta meusi yanayotoa povu na moshi mpite, hata kama mishkaki yake ina jina mtaani. Mkaangaji wa kwetu alininunia wiki ya kwanza. Siku hizi akiniona anasema tu "ya dada kavu", na anaanza kuchuja.

Mishkaki yenyewe sina ugomvi nayo. Nyama ya kuchoma kwenye mkaa ina protini na madini ya chuma, na wewe mchicha wako wa wiki nzima hauna mwenza. Kwa mazoezi yako unahitaji protini kama gramu 100 kwa siku, na sidhani unafika nusu. Mishkaki minne na ndizi ya kuchoma ni chakula cha mkimbiaji, sema tu kimekaa mtaani.

Saa nayo. Zege ihamie Jumapili mchana, baada ya mbio ndefu, ukishaoga. Wakati huo misuli ina njaa ya wanga, jasho limeondoka na chumvi, na hutakimbia tena mpaka Jumanne. Jumamosi usiku kula wali na samaki, au tambi, au viazi vya kuchemsha, saa moja jioni, usishibe mpaka kooni. Ijumaa usiku ukiwa na wenzako kuleni. Kama Jumamosi hukimbii, chipsi za Ijumaa haziharibu kitu. Ukishakula mchana wa Ijumaa utashangaa mwenyewe: utaagiza sahani moja, utaacha viazi sita, na hutarudi kuongeza. Huo ndio mtihani wangu. Mtu anayerudi kuongeza kila Ijumaa, mimi humuuliza Alhamisi alikula nini.

Soda inataka maneno machache. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 na zaidi kidogo, vijiko tisa vya chai. Mbili ni kama 70. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, kwa hiyo soda zako mbili za Jumamosi usiku zimeshapita, nawe umekaa unaangalia mpira. Soda ile ile moja, Jumapili, ndani ya saa moja baada ya kumaliza kilomita 16, ina kazi ya kufanya. Sukari ya haraka inaingia pale inapotakiwa. Ndiyo maana sikupi orodha ya vyakula vizuri na vibaya. Bia hukuitaja, kwa hiyo nami sitaichokonoa, isipokuwa usiku wa kuamkia mbio ndefu, na unajua kwa nini.

Halafu kuna harusi, maana wewe ni wa Dar na kuanzia baada ya mfungo mpaka mwisho wa mwaka kadi haziishi. Pilau ya harusini kula. Hakuna mkimbiaji aliyeharibiwa na sahani moja ya pilau kwa mwezi, na anayekaa kwenye meza ya watu akila karoti alizotoka nazo nyumbani anawakosea wenyeji. Ila ikiangukia usiku wa kuamkia mbio, chukua wali zaidi, nyama kidogo, na pilipili iache. Mimi sikuiacha. Miaka kadhaa iliyopita nilikula pilau ya arusi ya mpwa wangu, na kachumbari yenye pilipili mbuzi, mara mbili, saa tano usiku, na asubuhi nikaenda kwenye mbio za kilomita 21. Kilomita ya tisa niliacha barabara nikaingia kituo cha mafuta na kumwomba yule kijana wa pampu ufunguo wa choo kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tangu hapo. Akaniuliza, "Dada, umemaliza?" Nikamwambia bado kilomita kumi na mbili.

Kuhusu chai ya rangi: kitu ambacho hujauliza, lakini mchicha wako umenikumbusha. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana uwezo wa mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga na maharage. Wakimbiaji wanahitaji chuma kuliko watu wengine, wanawake zaidi. Chai iwe saa moja mbali na sahani, na kwenye mchicha kamulia ndimu, au kula chungwa baada yake.

Na hili niliseme bila mzaha. Kujibana muda mrefu huku unafanya mazoezi kuna gharama inayojificha: usingizi mbovu, hasira zisizo na sababu, kuugua mafua kila mara, mifupa kupata nyufa ndogo, kwa wanawake hedhi kukatika. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililipa tatizo hili jina rasmi mwaka 2014, na halichagui bingwa wala anayeanza. Halafu neno "adhabu" ulilotumia. Kama kuna siku unakula kwa kujificha, au unaongeza sahani hata tumbo linauma, kisha unajichukia mpaka Jumatatu, hilo usilitibu kwa kilomita wala kwa barua yangu. Muone daktari au mtaalamu wa lishe ana kwa ana. Hali kadhalika kama kwenu kuna kisukari au presha: pima kabla ya kufuata gramu nilizoandika hapa.

Sasa Moshi. Njia ya nusu marathoni inapanda taratibu kuelekea Mweka kabla ya kugeuka kushuka, kwa hiyo ghala utalifungua mapema kuliko ulivyozoea barabara tambarare za huku. Siku mbili za mwisho ongeza wali, ndizi, viazi vya kuchemsha, na punguza maharage na kabichi. Nyuzi na gesi si marafiki wa mwanzo wa mbio. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, kunywa uji wenye sukari na ule ndizi mbivu au mkate. Na kwa kuwa utakuwa barabarani karibu saa mbili, beba kitu. Lengo ni wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa. Tende ndogo tano au sita zilizotolewa kokwa, kwenye kimfuko, zinakupa kama 30. Anza kuzila kilomita ya 6, mbili mbili na maji, usingoje mpaka miguu ikuombe. Zijaribu kwanza Jumapili mbili tatu huku nyumbani. Siku ya mbio usile kitu ambacho tumbo lako halijawahi kukutana nacho ukiwa unakimbia, hata ukipewa bure.

Ukimaliza, kabla ya kutafuta chipsi za Moshi, tafuta mtori. Bakuli kubwa. Ndizi zilizopondwa, nyama, mchuzi wa moto wenye chumvi: kila kitu ambacho mwili wako unakidai saa hiyo kimo humo, na Wachaga waliupanga hivyo kwa mama aliyetoka kujifungua. Mbege ije baada ya maji, kama itakuja.

Baada ya wiki tatu niandikie. Niambie ulikula nini mchana wa Alhamisi, Ijumaa uliacha viazi vingapi kwenye sahani, na kilomita ya 14 ilikuwaje. Uzito usinitumie, urefu wako hukunitajia, na hata ungenitajia, kwa sasa sina haja nao.